Maembe yanatuozea, jamu twaagiza bara

Ikifika Disemba, anayetoka Wete kwenda Konde hana haja ya kuuliza kama maembe yameiva. Harufu humwingia garini kabla macho hayajafika kwenye miti. Chini ya kila mwembe maembe yametapakaa: haya yamepasuka kwa kuanguka, yale yameliwa upande mmoja na popo, mengine yamesagwa na magurudumu mpaka barabara inanata. Watoto wameshakinai. Mbuzi nao wameshakinai. Sokoni Chake Chake, fungu ambalo mwezi mmoja nyuma muuzaji alikuwa hakupunguzii hata kwa kumbembeleza, sasa anakuongezea mawili juu bila ya kuombwa, kwani anajua yakilala mpaka kesho ni ya kutupa.

Ingia sasa duka lolote la mji huohuo. Juu ya rafu, karibu na majani ya chai na maziwa ya kopo, zimepangwa chupa za jamu, na zimevuka bahari kufika hapo. Ile ya embe imepikwa kwa embe la watu wengine, katika miji ya watu wengine, na bei yake humfanya mama wa nyumba aitazame, aigeuze, airudishe, achukue sukari yake aondoke.

Jambo hili linaniuma, na ndiyo maana naandika. Jamu si lazima itoke kiwandani. Ni kazi ya jikoni, na ikipikwa kidogo kidogo kwa moto mkali haichukui hata muda wa kupika wali wa nazi, tangu kukuna mpaka kupalia makaa. Inataka sufuria pana, sukari, ndimu, na mtu aliyesimama mbele ya jiko bila ya kwenda popote.

Wala tusidanganyane kwamba Wapemba hatujui kuhifadhi. Hakuna watu wanaojua kuhifadhi kuliko sisi. Karafuu inachumwa, inachambuliwa, inaanikwa juu ya jamvi, inaanuliwa mbio wingu likitanda, na ikishakauka inakaa. Hata makonyo, vile vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, hayatupwi. Yana kiwanda chake Wawi, yanakamuliwa mafuta. Dagaa wa Tumbe wanachemshwa na kuanikwa. Papa anakaushwa. Embe bichi linakatwa, linatiwa chumvi na pilipili, linakuwa achari. Lakini embe lililoiva, ambalo ndilo zuri kuliko yote hayo, tunaliacha lioze.

Sababu mimi naiona hivi. Karafuu ina mnunuzi. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lina vituo vyake, mizani yake na bei inayotangazwa. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuisaza mingi ya Pemba, kisiwa hiki ndicho kilichobeba jina la karafuu, na kila kilicho shambani kimekuwa kikipimwa kwa kipimo cha karafuu. Embe halina mwenyewe. Mwembe aliupanda babu, kivuli chake ni cha wote, na lililodondoka ni la aliyeokota. Tena embe la vuli huja wakati mwaka wa karafuu ukiwa mzuri mikono yote iko mikarafuuni. Nani atakaa chini kutwa nzima kukoroga sufuria kubwa la matunda? Kwa hiyo nasema jamu ya haraka, ya kilo moja moja, ndiyo inayotufaa: ile inayopikwa jioni baada ya magharibi, watu wakisubiri chakula cha usiku.

Ili mtu aipike bila ya kubahatisha, ni vizuri ajue nini kinafanyika ndani ya sufuria. Jamu inaganda kwa vitu vitatu vikikutana. Cha kwanza ni pektini, utomvu uliomo katika kuta za chembe za tunda, ambao mkemia Mfaransa Henri Braconnot aliutenga na kuupa jina mwaka 1825. Cha pili ni uchachu. Cha tatu ni sukari. Sukari huvuta maji, uchachu huziwezesha nyuzi za pektini kukaribiana, nyuzi zikashikana na kufanya wavu, na maji ya tunda yakanaswa ndani ya wavu huo. Kikipungua kimoja, unapata sharubati nzito isiyosimama juu ya mkate.

Sasa tunda likiwa bichi lina pektini nyingi. Linapoiva, vimeng'enya vyake vyenyewe huivunja ile pektini, na ndiyo maana embe lililoiva hulainika. Uchachu nao hupungua. Kwa maneno mengine, embe lililoiva sana, lile linaloshuka mkononi ukilimenya, lina utamu na harufu yote lakini limepoteza nusu ya kinachoigandisha jamu. Dawa yake ni kuchanganya.

Jambo hili huwashangaza hata wauzaji wazoefu. Asubuhi moja sokoni Chake Chake nilimwendea bibi mmoja mwenye matenga mawili ya dodo, nikamwambia, "Bibi, shikamoo. Nipe fungu moja la yalowiva, na manne yalokaza."

"Marahaba, mwanangu. Hayo yalokaza ni ya achari?"

"Ya jamu, bibi. Yote pamoja."

"Jamu utatia embe bichi? Si itakuwa chachu hiyo?"

Nikamwambia ndiyo, itachachuka kidogo, na sukari italikuta hilo. Akanichagulia manne magumu, akayagonga moja moja kwa ukucha kusikia, kisha akaniambia nikishapika nimpelekee kijiko aonje. Nilimpelekea chupa ndogo. Siku hizi nikipita huniwekea yaliyokaza pembeni.

Embe la kupika lichaguliwe. Dodo na boribo zina nyama nyingi na nyuzi chache. Sikio la punda nalo lafaa. Yenye nyuzi nyingi yasitupwe, ila yapitishwe kwenye chujio. Na hapa niseme habari ya mabuu. Tangu nzi wa matunda kutoka Asia aingie Afrika Mashariki, ambako alionekana kwanza Kenya mwaka 2003, maembe mengi yanayoonekana mazima kwa nje hukutwa yameharibika ndani. Nzi huyu hupenda zaidi embe linapoanza kuiva. Anayechuma embe likiwa limekomaa lakini bado gumu, akaliivisha ndani ya nyumba, huokoa mengi. Hata hivyo kila embe likatwe litazamwe kabla ya kuingia sufuriani. Lenye buu lote linakwenda kwa kuku.

Vipimo ninavyovitumia ni hivi. Kilo moja ya nyama ya embe, iliyokwisha kumenywa na kutolewa kokwa, robo tatu yake ya maembe yaliyoiva na robo moja ya yaliyokaza. Sukari gramu 750. Maji ya ndimu nne za kawaida. Karafuu tatu au nne zilizofungwa kwenye kitambaa safi. Inatoa chupa tatu za gramu 450, na mabaki ya kulamba mwikoni.

Chupa zianze kabla ya jamu. Zioshwe kwa maji ya moto na sabuni, zilazwe ndani ya sufuria la maji, zichemke dakika kumi, ziachwe humohumo mpaka zitakapohitajika. Anayemimina jamu ya moto katika chupa baridi atasikia chupa ikilia na kupasuka.

Embe hukatwa vipande vidogo, lile gumu likatwe dogo zaidi au likunwe, vitiwe sufuriani na maji ya ndimu na maji nusu kikombe, vichemke vilainike kwanza bila ya sukari. Wengi hutia sukari mwanzoni, na hapo vipande hukaza wala havilainiki tena. Vikishalainika, dakika kama kumi hivi, ndipo sukari inaingia, moto unapunguzwa, unakoroga mpaka usisikie tena punje chini ya mwiko. Halafu moto unafunguliwa wote.

Kuanzia hapo usiondoke. Mwanzo inachemka kwa kelele, povu jepesi linapanda, rangi imefifia kwa sababu ya hewa. Lile povu lienguliwe kwa kijiko. Dakika chache baadaye povu linashuka, rangi inakolea na kuwa ya dhahabu iliyoiva, na viputo vinabadilika: vilikuwa vidogo na vingi, sasa ni vikubwa na vizito, vinapasuka polepole na kurusha. Kitambaa mkononi, na watoto wakae mbali, kwani tone la jamu hunata kwenye ngozi na kuunguza kuliko maji ya moto. Sauti nayo inashuka. Ukipitisha mwiko chini, unaacha njia, na njia ile haijifungi mara moja.

Hapo chukua kisahani ulichokiweka kwenye friji au juu ya barafu. Dondoshea tone, ngoja dakika moja, lisukume kwa ncha ya kidole. Likikunjana juu kama linalofanya ngozi, jamu imekuwa. Likitiririka, rudisha dakika mbili ujaribu tena. Na kila unapojaribu ondoa sufuria motoni, maana jamu haingojei mtu. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 104 hadi 105 za Selsiasi. Vitabu vya mapishi hutaja joto hilo kwa watu wa usawa wa bahari, na Pemba haina mlima wa kutusumbua; mwenzetu wa Arusha, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, itambidi apunguze kama nyuzi tano.

Tangu sukari inapoingia mpaka jamu inapokuwa tayari ni dakika ishirini, ishirini na tano moto ukilegea. Hii ndiyo faida ya kupika kidogo katika sufuria pana. Ukipika kilo tano kwa pamoja, maji hayapati pa kutokea, jamu inakaa motoni saa nzima na zaidi, pektini inavunjika kwa kuchemka mno, rangi inakuwa ya hudhurungi na ladha ya embe inapotea, unabaki na ladha ya sukari iliyoungua. Mwenye kilo tano apike mara tano. Nimeona watu wakikataa ushauri huu na kulaumu maembe yao.

Karafuu zitolewe mwishoni, kabla ya kumimina. Tatu zinatosha kabisa. Mafuta yake ndiyo yanayotumiwa na madaktari wa meno kutia ganzi, na ukizidisha utamnyamazisha mlaji ulimi. Zikiwa kwa kiasi, hakuna jamu ya dukani inayoifikia hiyo ya embe na karafuu. Hata hiliki au kijiti cha mdalasini kutoka mti wa nyuma ya nyumba kinapendeza.

Jamu imiminwe ingali moto, iache nafasi ya sentimita moja juu, mdomo wa chupa ufutwe, kifuniko kikazwe. Anayetaka ikae miezi azirudishe chupa zilizofungwa ndani ya maji yanayochemka, kitambaa kimelazwa chini zisigongane, kwa dakika kumi. Iandikwe tarehe. Ikishafunguliwa, kijiko kiwe kikavu. Ikifanya ukungu, imwagwe yote. Kukwangua juu na kula ya chini si uhodari, kwani mizizi ya ukungu hushuka mbali kuliko jicho linavyoona.

Embe limenichukua muda mrefu kwa sababu ndilo linalooza kwa wingi, lakini kwa anayeanza ningemshauri aanze na pera. Pera lina pektini ya kutosha, hugandisha lenyewe. Unalichemsha na ngozi na kokwa zake, unalipitisha kwenye chujio, unapima uji uliopata na kutia sukari robo tatu yake na ndimu mbili. Sijaona pera likimwangusha mtu.

Nanasi ni kinyume chake: uchachu upo, harufu ipo, pektini haba. Linataka mwenzake, na mwenzake mzuri ni pera au ganda la balungi. Tazama wauza machungwa wa Machomanne, wanavyolimenya chungwa kwa kisu likabaki jeupe, na mlaji akafyonza maji akautupa ule weupe na kokwa. Huo weupe wa machungwa, ndimu na mabalungi ndio malighafi ambayo viwanda vya Ulaya na Amerika hutolea pektini ya unga wanayoiuza duniani kote. Kwetu unafagiwa. Ukikata weupe wa balungi moja vipande vidogo, ukatia na kokwa za ndimu ndani ya kitambaa, ukachemsha polepole kwa maji vikombe vitatu mpaka yabaki kimoja chenye kuteleza, umepata pektini yako ya bure kwa jamu ya tunda lolote dhaifu.

Papai linataka tahadhari, na hapa sitaki mtu anisome kwa haraka. Papai lililoiva halina uchachu wa maana. Kiwango chake cha pH kiko juu ya 5, na mstari wa usalama ni 4.6: chini ya hapo bakteria wa sumu ya botulismi hawezi kuota ndani ya chupa iliyofungwa, juu ya hapo anaweza. Kwa hiyo ndimu ndani ya jamu ya papai isihesabiwe kuwa ni ya ladha. Tia sita kwa kilo, na mpishi asiseme atapunguza kwa kuwa watoto hawapendi uchachu.

Bungo, ambalo wengi wetu tunalijua kwa juisi tu, lina uchachu wake wa kutosha na rangi inayopendeza kuliko chungwa. Kazi ni kuzitenganisha kokwa, nazo hutengana ukizivuruga kwa mkono katika maji ya uvuguvugu juu ya chujio. Embe ng'ong'o ni chachu na linaganda vizuri. Ndizi mbivu zinapatikana mwaka mzima, na zikipikwa na ukwaju zinatoa jamu nzito ya kupaka kwenye skonzi. Shokishoki, kwa maoni yangu, liliwe bichi. Kulimenya na kulitoa kokwa mpaka ufike kilo ni adhabu, na likishapikwa lile linalolifanya kuwa shokishoki limeshaondoka. Doriani nawaachia wenyewe wagombane.

Na msidhani haya ni mambo ya kwetu tu. Mwaka 2009 Tume ya Codex Alimentarius, iliyo chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani, ilipitisha kiwango cha kimataifa cha jamu. Inataka kwa kawaida jamu iwe imetengenezwa kwa matunda yasiyopungua asilimia 45, kisha inataja matunda yanayoruhusiwa kupungua: embe na shokishoki asilimia 35, stafeli 30, ndizi, pera, fenesi na tangawizi 25, bibo la mkorosho 23, doriani 20, ukwaju 10, pasheni 8. Nilipoisoma orodha ile niliona soko la Chake Chake limeandikwa ndani ya waraka wa dunia. Na angalia hesabu: katika kipimo nilichokitoa, kila gramu 100 za jamu zimetokana na zaidi ya gramu 70 za embe. Mama wa Mtambwe anayepika kwa sufuria lake amekizidi kiwango cha dunia mara mbili, naye hajui.

Kuna kitu chengine ambacho Pemba inacho na wapika jamu wa nchi nyingi hawana, nacho ni mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, Unguja, lakini leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka Pemba, na wanaoulima wengi ni wanawake. Wanauuza mkavu, kwa bei ndogo, unasafirishwa nje kutolewa karajinani, kigandishi kinachotiwa katika maziwa, aiskrimu na dawa ya meno. Mtafiti Flower Msuya na wenzake wa mtandao wa wakulima wa mwani Zanzibar wamefanya kazi kubwa ya miaka kuwaonyesha wakulima kwamba mwani unaweza kuwa sabuni, juisi na jamu palepale kijijini. Mwani mkavu unarowekwa, unaoshwa mara nyingi mpaka harufu ya bahari iondoke, unachemshwa mpaka uyeyuke, kisha unachanganywa na tunda. Unagandisha hata tunda lisilo na pektini, na unagandisha kwa sukari kidogo.

Ila hapa ndipo baadhi ya wapishi wapya wanapojikwaa. Kuganda ni jambo moja na kukaa ni jambo jengine. Kinachoifanya jamu ya kawaida isioze nje ya friji ni sukari, ambayo ikifika kama asilimia 65 ya uzito wote huyafunga maji yasipatikane kwa ukungu na bakteria. Jamu ya mwani yenye sukari kidogo imeganda vizuri, lakini maji yake yako huru. Hiyo ni jamu ya friji, iliwe ndani ya wiki mbili tatu. Bahati nzuri friji si kitu cha ajabu tena. Tangu waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika mwaka 2010, nyumba nyingi za Pemba zinaweza kuweka chupa ya namna hiyo, na wenye kisukari au wanaojichunga wana sababu ya kuipenda.

Juhudi zipo. Mradi wa Viungo, Mboga na Matunda, uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya na kuendeshwa na mashirika ya PDF, Community Forests Pemba na TAMWA Zanzibar kuanzia mwaka 2020, umewafikia wakulima wa visiwa vyote viwili, wanawake na vijana wakitangulizwa. Ujuzi wa kusindika matunda haupo mbali tena na anayeutaka. Kinachokwamisha ni vitu vya kushikika mkononi.

Sukari kwanza. Embe ni bure au karibu na bure, lakini kila kilo ya embe inataka robo tatu kilo ya sukari, na katika hesabu ya chupa moja ya jamu sukari inalizidi embe kwa mbali. Halafu chupa. Chupa ya kioo yenye kifuniko cha chuma kinachoshika hewa haipatikani Pemba kwa urahisi kwa anayetaka ishirini au hamsini. Ananunua reja reja, mara nyengine kwa bei inayokaribia bei ya jamu yenyewe, au anaokoteza za mayonezi na kahawa, kila moja na umbo lake. Kioo kilichotumika si kibaya kikichemshwa. Kifuniko kilichotumika ndicho kisichoaminika, mpira wake ukishalegea.

Na anayetaka kuuza dukani ana safari nyengine: Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar uone jiko lake, Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS, ipime bidhaa yake. Sitaki kanuni hizo zilegezwe. Nimeeleza habari ya papai na pH kwa sababu najua chakula cha chupa kinaweza kumdhuru mtu. Lakini anayepika chupa thelathini kwa msimu mmoja hawezi kubeba gharama ya kiwanda, na vikundi vinavyoshirikiana jiko moja lililokaguliwa mara moja, wakipokezana siku, ndivyo vitakavyofika.

Ndiyo maana narudi kwa ZSTC. Shirika hilo limezoea kuwapatia wachumaji wa karafuu magunia na majamvi, kwa kuwa linajua karafuu bila ya jamvi inaharibika chini. Lina maghala, lina magari, lina watu wake katika kila wilaya, kuanzia Micheweni mpaka Mkoani. Kontena moja la chupa za gramu 450 na vifuniko vyake, likishushwa bandarini Mkoani mwezi wa Septemba na kuuzwa kwa vikundi kwa bei ya jumla kupitia vituo vilevile vya karafuu, lingepunguza gharama ya kila chupa kabla ya embe la kwanza la vuli kuiva. Ombi hili limo ndani ya uwezo wa Serikali na halihitaji mradi mpya wala mfadhili. Na kwa wenye hoteli za Kigomasha na Wambaa, wanaowapa wageni boflo na jamu ya bara kila asubuhi huku miembe ya jirani ikimwaga maembe chini: wanawake wa vijiji hivyo wanazo sufuria, waulizeni watapika chupa ngapi kwa wiki.